Mbwa Akirudishwa, Pesa Irudi au Isirudi?

Ukiuza watoto wa mbwa Korogwe au Handeni, leo au kesho utapigiwa simu: "Yule mtoto uliyenipa anaharisha damu tangu jana. Nataka hela yangu." Siku nyingine utaletewa mlangoni mbwa wa miezi saba, amefungwa kamba ya katani nyuma ya bodaboda, na aliyemleta atakueleza kwamba mwenye nyumba wake kakataa mbwa uani. Wauzaji wengi simu ile ya kwanza huizima, na huyu wa pili humwambia, "Biashara tulishamaliza, ndugu yangu." Wachache, waungwana kupita kiasi, humrudishia kila mtu kila kitu mpaka banda linawashinda.

Tatizo ni kwamba mambo mawili tunayafunga fundo moja. Mbwa ni jambo moja, pesa ni jingine. Msimamo wangu ni kwamba mbwa aliyezaliwa bandani kwako hupokelewa siku zote, awe na umri wowote, sababu iwe nzuri au ya kipuuzi. Pesa hairudi siku zote; inafuata kosa la nani. Na zipo hali ambazo pesa inatakiwa irudi huku mbwa akibaki alipo.

Kwa nini mbwa apokelewe siku zote? Kwa sababu asiyepokelewa hayeyuki. Atashushwa usiku njia panda ya Segera au pale Mkata, penye malori na mifupa ya nyama choma, na hapo ataanza maisha ya mbwa asiye na mwenyewe: hana chanjo, hana chakula, anazalisha wengine kama yeye. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wanakipata kwa mbwa. Asilimia 40 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mnunuzi aliyemtupa mbwa ana kosa lake, sikatai, lakini aliyeamua mbwa huyo azaliwe ni wewe uliyempandisha mama yake.

Wala wazo la kumrudisha mnyama kwa muuzaji halikuletwa na wageni juzi. Waliokaa chuoni wanalijua suala la mnyama anayeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na kimvute mnunuzi mnadani. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inampa mnunuzi hiari: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyatumia, na zipo riwaya zinazotaja muda wa siku tatu. Itazame vizuri hukumu hiyo. Muuzaji anabeba hasara ya hila yake, na mnunuzi naye analipia alichokula. Hakuna anayetoka bure. Kipimo hicho hicho ndicho nitakachokitumia hapa.

Kwa mbwa lipo jambo la ziada ambalo muuzaji wa huku hawezi kujifanya halioni. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, wanafundishwa kwamba kufuga mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda kunaruhusiwa, ila kumuuza mbwa si mauzo sahihi. Wanavyuoni wa madhehebu hayo wameacha mlango: mwenye mbwa anaweza kuondoa mkono wake juu ya mbwa huyo kwa kupewa kitu. Basi kama mteja wako ana mtazamo huo, usimbishie. Andikeni "gharama za malezi" mahali pa "bei", na mengine yote yabaki vilevile. Kubadilisha jina la pesa hakumhalalishii mtu kumpa mwenzake mnyama mgonjwa.

Sheria za nchi nazo zipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anakitaka kitu kwa kazi gani, na akautegemea ujuzi wa muuzaji ambaye hiyo ndiyo biashara yake, kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Lakini nani atapoteza siku zake Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mbwa wa laki moja na nusu? Kwa hiyo karatasi mtakayoandikiana wenyewe ina kazi kubwa kuliko vifungu vyote hivyo. Inaumaliza ugomvi kabla haujafika kwa mtendaji wa kata.

Kabla ya karatasi, mkague mbwa pamoja. Usikabidhi gizani stendi. Mtoto awe ametimiza wiki nane, awe ameanza dawa ya minyoo tangu wiki ya pili na kuirudia kila baada ya wiki mbili, na awe amepata chanjo ya kwanza ya pavo na distempa kati ya wiki ya sita na ya nane. Kadi ya chanjo iwe na kile kibandiko kinachobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na sahihi ya mtaalamu. Kadi iliyojazwa kwa kalamu tupu ina thamani ya karatasi ya kufungia maandazi. Na chanjo iliyotoka Tanga mjini ndani ya mfuko, juani, bila barafu, imeshakufa njiani. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 mpaka inapoingia kwenye bomba la sindano.

Mpandishe mtoto mezani mbele ya mnunuzi. Nyanyua mdomo wa juu muone ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu, na ukiubonyeza kwa kidole ugeuke mweupe kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliofifia ni safura au kupe, na mtoto huyo haendi popote leo. Mlaze chali. Uvimbe laini kitovuni ni ngiri. Mara nyingi haina madhara makubwa, lakini mnunuzi auone na auguse kwa kidole chake. Kama ni dume, tafuta korodani zote mbili. Zikiwa hazijashuka, sema. Chungulia masikio na katikati ya vidole, maficho ya kupe. Kisha mwekeni chini atembee na ale mbele yenu, na mnunuzi arekodi video kwa simu yake mwenyewe. Video ya simu yako inakulinda wewe peke yako. Ya simu yake inawalinda wote wawili, kwa kuwa hatakuja kusema uliitengeneza.

Karatasi yenyewe isiwe ndefu. Mfano unaoweza kuunakili kwenye daftari na kuubadilisha upendavyo ni huu:

"Mimi, mkazi wa Manundu, Korogwe, leo nimemkabidhi ndugu fulani, mkazi wa Chanika, Handeni, mtoto wa mbwa mmoja, dume, mweusi mwenye kifua cheupe, aliyezaliwa tarehe fulani. Mama yake nipo naye na mnunuzi amemuona. Baba yake ni chotara. Amepewa dawa ya minyoo na chanjo kama kadi inavyoonyesha. Ana ngiri ndogo ya kitovu, mnunuzi ameiona. Nimepokea shilingi kadhaa. Mnunuzi atampeleka kwa mtaalamu wa mifugo ndani ya siku tatu. Akiugua ugonjwa wa kuambukiza ndani ya siku saba, hasara ni yangu: nitarudisha pesa yote, au nitalipia matibabu yasiyozidi bei niliyomuuzia. Kuanzia siku ya nane mpaka ya kumi na nne tutagawana nusu kwa nusu. Baada ya hapo ni jukumu la mnunuzi. Kasoro ya kuzaliwa au ya kurithi ambayo haikuandikwa hapa, ikithibitishwa na daktari ndani ya mwaka mmoja, nitairudishia nusu ya pesa na mbwa abaki kwa mnunuzi, au nitarudisha pesa yote na mbwa arudi kwangu, mnunuzi atachagua. Wakati wowote wa uhai wa mbwa huyu, mnunuzi akishindwa kumtunza, atanijulisha nami nitampokea. Hatamtupa."

Sahihi mbili, shahidi mmoja, namba za simu. Balozi au mwenyekiti wa kitongoji anatosha kuwa shahidi.

Hizo siku saba na kumi na nne zimefuata mwenendo wa ugonjwa. Pavo hujitokeza siku tatu hadi saba baada ya mbwa kuambukizwa; mara chache huchelewa kufikia wiki mbili. Mtoto aliyeanza kutapika siku ya tatu tangu aondoke kwako, yaelekea sana aliondoka nao. Aliyeanza siku ya kumi, hakuna mwanadamu awezaye kuapa kama aliupata bandani kwako au kwenye uwanja aliokuwa akitembezwa. Asiyejulikana mwenye kosa, hasara yake hugawanywa. Distempa ni ngumu zaidi kwa sababu huweza kujificha wiki mbili na zaidi; kama watoto wengine wa uzao ule ule wameugua, usijifiche nyuma ya tarehe, lipa. Wenzetu wa California, Marekani, wameliweka jambo hili kwenye sheria: siku 15 kwa ugonjwa, mwaka mmoja kwa kasoro za kuzaliwa na za kurithi, na mnunuzi anaruhusiwa kubaki na mbwa huku muuzaji akifidia matibabu mpaka asilimia 150 ya bei. Kiwango hicho kwetu naona kingewafukuza wafugaji wadogo sokoni na kuwaachia uwanja walanguzi wasioandika chochote. Bei ya mbwa iwe ndiyo ukomo.

Sasa ile simu ya kuharisha damu. Kosa kubwa kuliko yote ni kusema, "Mlete nimuone." Asiletwe! Huenda ni pavo, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, pengine kupita mwaka, na mtoto mmoja mwenye kuharisha akishatua uani kwako, uzao ujao unaweza kuteketea wote. Mwambie mnunuzi aende moja kwa moja kwa daktari wa mifugo, na wewe uzungumze na daktari huyo kwa simu. Pavo haina dawa ya kuua kirusi; mbwa hupona kwa dripu, dawa za kuzuia kutapika, sindano za kuzuia maambukizi mengine, na uangalizi wa mchana na usiku. Saa ishirini na nne za kubishana nani alipe ndizo zinazomuua. Tuma kwanza pesa ya dripu, ubishi ufuate baadaye. Hapa ndipo nilipomaanisha pesa irudi bila mbwa kurudi.

Akifa, asizikwe kimyakimya wala asitupwe mtoni. Mtaalamu amuone, aandike mistari miwili ya alichokiona, ndipo afukiwe shimo refu. Mnunuzi asafishe sakafu kwa ile dawa ya klorini tunayoiita jiki, baada ya kuondoa uchafu wote, maana juu ya uchafu haifanyi kazi. Na wewe usimpe mtoto mwingine "wa fidia" wiki hiyo hiyo. Nimeona wauzaji wengi wakikimbilia fidia ya namna hiyo kwa sababu mbwa wapo na pesa haipo. Mtoto wa pili anaingia kwenye udongo ule ule na kufa ugonjwa ule ule. Mpe pesa, au mpe mbwa aliyekwisha kukamilisha chanjo zote.

Utasikia pia, "Lakini mimi nilimchanja!" Kuchanjwa mara moja hakujamkinga. Kinga anayoinyonya mtoto kwa mama yake huizima chanjo, na hakuna anayeweza kutaja kwa macho siku kinga hiyo inapoisha. Kwa hiyo chanjo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, na ile ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu. Mweleze mnunuzi hivyo kwa mdomo na kwenye kadi. Ukishamweleza na asifuate, mbwa wa miezi minne akiugua pavo hakudai kitu. Usipomweleza, nafsi yako inajua.

Kuna ugonjwa mmoja wa upande wa Handeni unaowagombanisha watu bila sababu. Mtoto ametoka Korogwe mjini salama, amekaa miezi miwili kijijini karibu na msitu, halafu anakonda, homa inapanda na kushuka, macho yanaingia ukungu wa bluu kama amepofuka. Mnunuzi anasema ameuziwa kipofu. Mara nyingi huyo ameng'atwa na ndorobo na ana vijidudu vile vile vinavyowaua ng'ombe kwa nagana. Apimwe damu haraka. Muuzaji hana deni hapo. Ila kama ulijua anakwenda kwenye ndorobo ukanyamaza, siwezi kukusifu.

Kasoro za kurithi ndizo zinazowatesa wanaofuga mbwa wakubwa wa jamii ya Ujerumani, kwa sababu ya kiungo cha nyonga kisichokaa sawasawa. Mtoto anaonekana mzima kabisa akiwa na wiki nane. Akifika miezi sita anaanza kurukaruka kama sungura, anashindwa ngazi, anakaa upandeupande. Hiyo si bahati mbaya ya mnunuzi. Ni kazi ya wazazi uliowachagua wewe. Rudisha kwa mujibu wa karatasi, kisha, na hili ni muhimu kuliko pesa, usiwakutanishe tena wazazi wale. Kurudisha pesa kila mwaka kwa kasoro ile ile huku ukiendelea kupandisha ni kununua radhi kwa bei nafuu.

Masikio ni jambo jingine. Wanunuzi hupiga simu mbwa akiwa na miezi mitatu: "Masikio hayajasimama, umeniuzia koko." Mwambie asubiri meno yabadilike, wengine husimamisha masikio miezi minne, wengine sita au zaidi, na wakati wa kuota meno yaliyosimama huweza kulala tena. Mpe muda wa kusubiri na uuandike.

Lakini kama kweli umemuuza chotara kwa bei ya asilia, hakuna siku saba wala mwaka mmoja. Udanganyifu hauna muda. Mnunuzi akigundua mbwa akiwa na miaka miwili, arudishiwe tofauti ya bei, na mbwa abaki kwake kama anampenda. Wengi watakuwa wanampenda, na muuzaji anayedai wamrejeshe ndipo wapewe chao anawakomoa tu. Chotara mzuri anauzika kwa jina lake. Ukimuita chotara, hutaogopa simu yoyote.

Anayebadili nia ana hesabu yake. Mama mkwe kahamia na hataki mbwa, kazi imempeleka Dodoma, watoto wamechoka kumlisha. Akimrudisha mbwa ndani ya siku tatu akiwa mzima, mrudishie pesa ukiondoa nauli na dawa uliyotumia. Baada ya hapo humdai wala hakudai, ila mbwa unampokea. Njia ninayoiona ya haki ni hii: mpokee, mtunze, akipata mwenye kumchukua toa gharama zako, kinachobaki mpe aliyemrudisha. Anapokuja, usimsimange. Anayejua atasimangwa atamtupa usiku barabarani, na wewe hutajua.

Mbwa aliyerudi haingii bandani siku hiyo. Mtenge angalau siku 14 upande wa pili wa uwanja, chombo chake cha maji, fagio lake, na wewe uwahudumie watoto wadogo kwanza ndipo uende kwake. Muogeshe dawa ya kupe. Mpe dawa ya minyoo. Kama chanjo zake zilikatika njiani, zianzwe tena kwa ushauri wa mtaalamu.

Ukiacha yule anayeharisha, yupo mbwa mmoja tu ambaye kumpokea kunasubiri: aliyemng'ata mtu. Mwenye naye atataka kumwondoa siku hiyo hiyo, ampandishe gari la Korogwe kabla majirani hawajamuua kwa mawe. Mkatalie kwa siku kumi. Mbwa afungwe pale pale alipong'ata, afisa mifugo ajulishwe amtazame, kwa kuwa mbwa aliyekuwa akiambukiza kichaa siku ya kung'ata kwa kawaida huugua au kufa ndani ya siku hizo kumi. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo, asisubiri mbwa afe. Zikipita siku kumi mbwa yu mzima, mlete tuongee. Mbwa huyo usimuuze tena kwa familia yenye watoto, hata ukiahidiwa bei gani.

Usafiri nao una ugomvi wake. Barabara ya lami kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilomita 65 hivi, si safari ndefu, lakini boksi lisilo na matundu ndani ya buti la basi mchana wa Januari linamtosha mtoto kufa. Kanuni ninayoipendekeza ni fupi: mpaka mnunuzi amemshika mkononi, mbwa ni wako. Akifa njiani, amekufa wako. Ukiogopa hilo, mnunuzi amfuate mwenyewe, na hiyo ndiyo bora, kwa sababu ataliona banda na ataona mama. Uingereza wamefika mbali zaidi: tangu Aprili 2020, kwa England, mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita haruhusiwi kuuzwa kibiashara na mtu wa kati asiyemzalisha. Huku kwetu dalali wa stendi akinunua watoto watano kwako na kuwatawanya Mombo, Muheza na Kabuku, ahadi zako zote zimekwisha maana hujui waliko. Ukiweza, usimuuzie. Ukishindwa, namba yako ya simu iandikwe kwenye kila kadi.

Mabadilishano ya mbwa kwa mbuzi yanahitaji tahadhari. Wafugaji wapo wengi sasa Handeni, hasa tangu familia zilizohama Ngorongoro zianze kupokelewa Msomera mwaka 2022, na mwenye ng'ombe huona rahisi kutoa mbuzi kuliko noti. Shida huja mbwa anaporudishwa wakati mbuzi ameshazaa, au ameshaliwa sikukuu. Andikeni thamani ya mbuzi kwa shilingi siku ile ile ya kubadilishana. Kitakachorudi ni shilingi, na vitoto vya mbuzi vibaki vilipozaliwa.

Mwisho ni pesa zenyewe, maana muuzaji anayekataa kurudisha mara nyingi si mwizi. Ameshazilipia ada ya shule. Ukiuza uzao mzima, theluthi ya mapato usiiguse mpaka mtoto wa mwisho apitishe siku 14 kwa mnunuzi. Rudisha kwa namba ile ile iliyokulipa, uongeze makato ya kutolea kama kosa ni lako, na uandike meseji yenye sababu: "Narudisha laki moja, mtoto wa tarehe fulani, pavo siku ya nne, tumemalizana." Muamala na meseji hiyo vihifadhiwe. Asikudanganye mtu kwamba kurudisha pesa kutakuharibia jina. Korogwe na Handeni ni miji ya watu wanaojuana, na habari ya aliyerudisha husafiri kwa bodaboda zile zile zinazosafirisha habari ya aliyezima simu.

Hesabu nafasi za bandani kabla hujapandisha jike. Moja iachwe wazi kwa ajili ya atakayerudi. Ikiwa haipo, jike akija joto mfungie ndani wiki tatu mpaka limalizike. Joto jingine atalipata baada ya miezi sita hivi, na mimba ya mbwa ni siku 63 tu.